Nywila Iliyosahaulika: Excel Hufunga Nini Hasa?

Excel ina mahali pasipopungua patano pa kuwekea nywila. Ya kwanza huzuia faili lisifunguliwe. Ya pili humzuia mtu kulibadilisha faili ambalo tayari amelifungua. Ya tatu hulinda muundo wa faili, yaani laha ngapi zimo, zinaitwaje na zimepangwaje. Ya nne hulinda seli za laha moja moja, na ya tano huficha msimbo wa makro. Zote huombwa katika kisanduku kilekile kidogo, kwa vitone vyeusi vilevile, na hakuna chochote kwenye skrini kinachomwambia mtumiaji kwamba moja kati ya hizo ni ya ukoo mwingine kabisa. Nywila ya kufungulia faili huyasimba maudhui yote, yaani huyageuza kuwa fumbo. Zile nyingine nne, ukiacha kisa kimoja cha ajabu nitakachokieleza, haziligeuzi faili. Data inabaki wazi mle ndani, na nywila ni agizo tu kwa programu ya Excel kwamba imkatalie mtu kuigusa.

Kwa hiyo mtu anaposema amesahau nywila ya Excel, bado hajasema tatizo lake ni lipi. Huenda likaisha kabla chai haijapoa, huenda lisiishe katika uhai wake wala wa wajukuu zake. Na kwa kuwa mambo haya mawili yanabeba jina moja, watu wengi hufunga kinyume. Siri za mishahara huwekwa nyuma ya ulinzi wa laha, ambao haufungi kitu. Daftari la pamoja la kikundi hufungwa kwa usimbaji kamili, na nywila yake hukaa kichwani mwa mtu mmoja. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja.

Nalitilia uzito jambo hili kwa sababu ya aina ya mafaili yanayofungwa huku kwetu. Vikundi vya kuweka na kukopa, SACCOS, shule, zahanati, makanisa na misikiti, maduka ya jumla: wengi wao hawana mfumo wa hesabu walioununua. Wana faili la Excel lililotengenezwa na kijana mmoja aliyejua fomula kuliko wenzake. Alilifunga kwa nia njema, ili asije mtu akafuta fomula ya riba kwa kidole kizito. Kisha akahamishwa kituo, au akapata kazi mjini, au akafariki. Waliobaki wanaona tarakimu zao, ila hawawezi kuongeza mwanachama mpya.

Hatua ya kwanza, kabla ya kutafuta programu yoyote, ni kuuliza swali moja: je, faili linafunguka? Ukiona majina na tarakimu lakini ukakatazwa kuandika, faili halijasimbwa, na suluhisho lipo. Excel ikidai nywila kabla ya kukuonyesha hata seli moja, umekutana na ule ukoo mwingine. Ukitaka uhakika zaidi, chukua nakala ya faili la .xlsx, ilazimishe ifunguke kwa Notepad, utazame herufi mbili za kwanza kwenye ule utitiri wa alama. Zikiwa PK, faili ni kifurushi cha kawaida cha zip, kwani hizo ni herufi za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyeubuni mtindo huo wa kufungasha mafaili mwaka 1989. Zisipokuwepo, kifurushi kimo ndani ya kasha la usimbaji, na huwezi kukipekua.

Tuanze na lililo jepesi.

Tangu Office 2007, faili la .xlsx ni folda iliyobanwa, yenye maandishi ya XML ndani yake. Mpangilio huo si siri ya kampuni: ulipitishwa kuwa kiwango cha ECMA-376 mwaka 2006, na mwaka 2008 ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO, kwa hiyo kila mtu anaweza kusoma kila kilichomo na kazi yake. Ukiifungua folda hiyo utakuta nyingine iitwayo xl, na ndani yake worksheets, na humo sheet1.xml, sheet2.xml na kuendelea, faili moja kwa kila laha. Ulinzi wote wa laha umebebwa na alama moja katika maandishi hayo, alama inayoanza kwa neno sheetProtection. Ukiifuta kuanzia mabano yake ya kufungua mpaka ya kufunga, ukahifadhi na kuirudisha laha kifurushini, Excel haina tena agizo la kufuata. Ulinzi wa muundo nao uko katika workbook.xml, chini ya alama ya workbookProtection.

Kazi hii ni ya dakika chache, lakini wengi huiharibu kwa kitu kidogo. Wanaitoa folda yote nje ya kifurushi, wanarekebisha, kisha wanaibana upya wakiwa wameishika kwa nje. Matokeo yake kifurushi kinakuwa na folda ndani ya folda, na Excel inalalamika kwamba faili limeharibika. Njia salama ni kubadilisha kiambishi cha nakala kutoka .xlsx kuwa .zip, kutoa faili moja tu la laha husika, kulirekebisha, kisha kulirudisha palepale lilipokuwa na kurejesha kiambishi. Tahadhari nyingine: sheet3.xml si lazima iwe laha ya tatu unayoiona kwenye skrini, hasa kama laha zimewahi kufutwa au kuhamishwa, kwa hiyo soma kilichomo kwanza. Na kama faili ni la zamani la .xls lakini linafunguka, lihifadhi kwanza kuwa .xlsx, ulinzi utahama nalo, na utaweza kuukuta pale nilipoeleza.

Kabla ya 2013 ilikuwepo njia nyingine iliyopendwa mno maofisini, ile makro ndogo iliyokuwa ikizunguka kutoka diski hadi diski. Uliiendesha, kompyuta ikawaza kidogo, kisha ikakuletea nywila ya kuchekesha kama AABABAABBAB na alama moja mwishoni, na laha ikafunguka. Walioitumia waliamini kwamba makro imeipata nywila. Haikuipata, na sababu yake inastahili kuelezwa vizuri, maana inaonyesha jinsi ulinzi huu ulivyokuwa mwepesi tangu ulipobuniwa.

Excel haikuhifadhi nywila yenyewe. Iliipitisha kwenye hesabu fupi inayotoa hashi ya tarakimu nne za mfumo wa heksadesimali, na hiyo ndiyo iliyoandikwa ndani ya faili. Neno la Kiingereza password, kwa mfano, hutoa 83AF. Neno mwalimu hutoa E662. Mtu alipoandika nywila, Excel iliikokotoa hashi yake na kuilinganisha na ile iliyohifadhiwa. Tatizo ni kwamba hesabu hii inaweza kutoa majibu 32,768 tu. Maneno yote duniani, ya kila lugha na kila urefu, yanabanwa kwenye masanduku hayo, na kila sanduku limejaa maneno yasiyo na idadi. Laha iliyofungwa kwa mwalimu katika Excel 2010 hufunguka pia kwa ovalimu, neno lisilo na maana yoyote, kwa sababu nalo hutoa E662. Fanya hesabu kwa mkono uone: herufi mbili za mwanzo zimebadilika, m kuwa o na w kuwa v, na mabadiliko hayo mawili yanafutana.

Makro ile ilitumia udhaifu huo. Ilijaribu kila mpangilio wa herufi A na B katika nafasi 11, kisha katika nafasi ya 12 ikajaribu kila moja kati ya alama 95 za kawaida za kibodi. Majaribio hayo ni 194,560, na yanayafikia masanduku yote. Mojawapo lazima ligonge. Kompyuta ya mwaka 2000 iliimaliza kazi hiyo kwa dakika chache.

Katika Excel 2013 Microsoft iliiacha hesabu ile ya kale. Sasa laha ikifungwa upya, nywila huchanganywa na herufi za nasibu na kupitishwa kwenye hashi ya SHA-512 mara 100,000, na makro ya zamani inaendelea kuzunguka bila kupata kitu. Mtu anaweza kudhani kwamba laha zimeimarika. Hazijaimarika, kwa sababu alama ya sheetProtection bado inafutika kama zamani: anayeifuta hahitaji kuijua nywila. Kilichoimarishwa ni nywila yenyewe. Na hilo ni jambo jema kuliko linavyoonekana, maana watu hutumia nywila moja kwa laha ya michango, barua pepe na huduma za benki. Zamani faili liliwapa wadadisi dokezo la nywila hiyo. Leo dokezo hilo ni gumu kulitumia.

Ulinzi wa laha, basi, ni kibao cha «Mbwa Mkali» kwenye geti la nyumba isiyo na mbwa. Kinamfaa mpita njia. Microsoft yenyewe imeandika katika maelekezo yake kwamba ulinzi huu haukukusudiwa kuwa kinga ya usalama. Uliwekwa ili watu wasiharibu fomula kwa bahati mbaya. Sioni aibu yoyote katika lengo hilo, na mhasibu anayefunga seli za fomula akaacha wazi seli za kujaza anafanya kazi safi. Aibu ni kuutumia kufichia taarifa za watu.

Agosti 2023 Jeshi la Polisi la Ireland ya Kaskazini lilijibu ombi la taarifa la mwananchi kwa kuchapisha faili la Excel. Ndani yake ilibaki laha iliyofichwa yenye majina ya ukoo, vyeo na vituo vya watumishi wake 9,483, maofisa na raia. Katika nchi ambayo polisi wamewahi kuuawa majumbani mwao, orodha hiyo ilikuwa hatari ya maisha, na baadhi yao walilazimika kuhama. Mwaka 2024 mamlaka ya Uingereza ya ulinzi wa taarifa ililitoza jeshi hilo faini ya pauni 750,000. Pale hapakuwa na nywila ya kuvunja. Palikuwa na laha isiyoonekana kwenye skrini. Lakini lau ingewekewa ulinzi wa muundo kwa nywila ndefu kuliko zote, madhara yangekuwa yaleyale. Kisichosimbwa kimo ndani ya faili, na faili likitoka limetoka nacho.

Nywila mbili nyingine sitazikalia sana. Ile ya kuzuia mabadiliko, Excel yenyewe hukuruhusu uikwepe: unafungua kwa kusoma tu, unahifadhi kwa jina jipya, basi. Ile ya msimbo wa makro huondolewa na mafundi kwa kuharibu ufunguo mmoja ndani ya faili la vbaProject.bin, Excel ikakosa cha kulinganisha na kuuacha msimbo wazi. Huo si mchezo wa mtu asiyezoea. Kosa la alama moja huua makro zote.

Kisa cha ajabu nilichokiahidi kinahusu mafaili ya .xls. Mtu alipolinda muundo wa faili katika matoleo ya zamani, Excel ililisimba faili lote kweli, lakini kwa nywila ambayo imeandikwa ndani ya programu yenyewe: VelvetSweatshop, jina la utani ambalo gazeti la Seattle Times liliihusisha nalo Microsoft mwaka 1989 lilipoandika juu ya mazingira ya kazi mle. Kila Excel duniani huijaribu nywila hiyo kimyakimya kabla ya kumuuliza mtumiaji. Wasambaza virusi waliligundua hilo zamani. Hufunga faili lao hasidi kwa nywila hiyo. Programu ya kuzuia virusi isiyoijua nywila hiyo haioni kilichomo, huku Excel ya aliyetumiwa ikilifungua bila kuuliza. Faili lililosimbwa si lazima liwe faili la siri.

Sasa ule ukoo mwingine. Hapa mwaka wa toleo la Excel ndio unaoamua karibu kila kitu.

Mafaili ya Excel 97 hadi 2003 yalisimbwa kwa algorithimu ya RC4 yenye ufunguo wa biti 40. Urefu huo haukuchaguliwa na wahandisi kwa sababu za kihandisi. Katika miaka ya 1990 serikali ya Marekani ilizihesabu teknolojia za usimbaji kama silaha na ikazuia zile zenye nguvu zisiuzwe nje. Biti 40 ndicho kilikuwa kipimo kilichoruhusiwa kirahisi. Masharti yalilegezwa mwaka 2000, lakini Excel iliendelea kuitumia biti 40 kama chaguo lake la kawaida kwa miaka kadhaa zaidi. Maana yake ni kwamba anayetaka kufungua faili la wakati ule hana haja ya kuitafuta nywila. Anatafuta ufunguo, na funguo zote zinazowezekana ni trilioni 1.1 hivi. Tukichukulia kadi ya michoro inayojaribu funguo milioni 100 kwa sekunde, zote zinaisha kwa saa tatu. Hata kama nywila ilikuwa shairi zima, haibadilishi kitu. Ndiyo sababu mafundi wanaouza huduma hii huahidi matokeo bila wasiwasi kwa mafaili ya .xls, na kwa kweli wana haki ya kuahidi.

Mambo yaligeuka mwaka 2007. Microsoft ilihamia kwenye AES, usimbaji ambao hakuna aliyewahi kuuvunja kwa kuzijaribu funguo zake, na ikaongeza kitu kingine kilicho muhimu zaidi kwa mtu aliyesahau: uzito wa makusudi. Kila nywila inayojaribiwa hupitishwa kwenye hashi mara 50,000 katika Office 2007 na mara 100,000 tangu Office 2010, na tangu 2013 hashi hiyo ni SHA-512. Mwenye faili akiandika nywila yake mara moja hahisi kuchelewa. Mashine inayokisia nywila mabilioni hulipa gharama hiyo kila mara.

Hapo hesabu inahamia kwenye nywila yenyewe. Tuseme tuna mashine inayojaribu nywila 10,000 kwa sekunde, kasi ambayo kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inaweza kuikaribia. Nywila ya tarakimu sita, kama tarehe ya kuzaliwa, ina njia milioni moja: sekunde 100. Namba ya simu inayoanza na 07, nywila ambayo watu wengi huichagua wakiamini ni ndefu, ina tarakimu nane tu zisizojulikana: chini ya saa tatu. Herufi ndogo nane zilizochaguliwa ovyo huhitaji miezi minane hivi kumalizwa zote. Herufi nane zilizochanganya kubwa, ndogo, tarakimu na alama huhitaji miaka elfu 21. Anayekuambia ataifungua hiyo ya mwisho kwa nguvu za mashine anakuuzia maneno.

Lakini watu hawachagui ovyo, na hapa ndipo penye matumaini ya kweli kwa aliyesahau. Programu za kuokoa nywila, zikiwemo za bure kama hashcat na John the Ripper, hazianzii AAAA kwenda ZZZZ isipokuwa zimeambiwa hivyo. Kwanza huchota kutoka kwenye faili ile sehemu ndogo inayohusu nywila, kisha hukisia kwa kanuni unazozipa. Mwenye faili akikumbuka kwamba alianza na jina la mwanawe, herufi ya kwanza kubwa, kisha mwaka, kisha pengine alama ya mshangao, uwanja wote unashuka kutoka matrilioni hadi maelfu. Mashine inamaliza kabla hajavuta kiti. Nimeona watu wakikimbilia kununua programu huku hawajakaa hata nusu saa na kalamu kuandika nywila zao zote za wakati ule, namna walivyozoea kuzimalizia, kibodi waliyokuwa wakiitumia, na kama kitufe cha herufi kubwa kilikuwa kimewashwa. Karatasi hiyo ina thamani kuliko kadi ya michoro. Kumbuka pia kwamba orodha za maneno zinazokuja na programu hizi zimejaa Kiingereza. Nywila ya Kiswahili, au jina la kijiji, au jina la kilugha la babu, haimo mpaka uiweke mwenyewe. Jambo hilo hulinda faili dhidi ya mgeni, na humsumbua pia fundi asiyekujua.

Kuna njia nyingine ambayo haina hesabu yoyote na ambayo, kwa maoni yangu, ingetangulia zote. Faili lililofungwa leo lilikuwa wazi kabla halijafungwa. Nakala yake ilitumwa WhatsApp kwa mwenyekiti mwezi uliopita. Iko kwenye barua pepe aliyopelekewa mkaguzi. Iko kwenye flashi ya katibu. Iko katika historia ya matoleo ya OneDrive au Google Drive. Kuandika upya miamala ya wiki sita ni kazi ya jioni mbili. Kuvunja AES si kazi ya jioni yoyote.

Nataka nikae kidogo kwenye tovuti zinazojitolea kuondoa nywila, maana ndizo mtu huzikuta kwanza akitafuta msaada. Unapandisha faili, unasubiri, unashusha faili lililo wazi. Kwa ulinzi wa laha zinafanya kweli, maana zinafuta ile alama moja tuliyoizungumzia, kazi ambayo ungeifanya mezani kwako bila kumpa mtu yeyote kitu. Gharama yake haionekani: umepeleka majina, namba za simu, salio na madeni ya wanachama wote kwenye seva usiyoijua, katika nchi usiyoijua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na zote mbili zinamwekea masharti mtu anayepeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mweka hazina aliyepandisha daftari la wanachama 200 ili aokoe dakika kumi amefanya jambo ambalo wanachama hao hawakuliridhia, na ambalo hawezi kulirudisha nyuma. Kama hujui kuifanya kazi hiyo mwenyewe, mwite fundi akae kando yako, kwenye kompyuta yako, mtandao ukiwa umezimwa.

Upande wa jinai, sheria hazihesabu ufundi uliotumika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018 huanza na uingiaji usio na ruhusa, na neno zito ni ruhusa. Faili ni la kikundi, wewe ni mweka hazina uliyechaguliwa, mkutano umekuagiza: kufuta alama ya sheetProtection hakukufanyi mhalifu. Faili ni la mwajiri wako, limo na mishahara ya wenzako, na hukutumwa: kosa liko palepale hata kama lilikuchukua sekunde moja. Kwa hiyo idhini iandikwe kabla ya kazi, hata mistari miwili kwenye muhtasari wa kikao. Nami nasisitiza hili hasa pale mtumishi anapoondoka kwa ugomvi na kugoma kutaja nywila. Uongozi huwa na hasira, huita kijana yeyote anayejua kompyuta, na kijana huyo ndiye atakayeulizwa baadaye kama kuna tarakimu zimebadilika. Ashike kwanza nakala ya faili kama ilivyokutwa, isiguswe, aikabidhi kwa mtu mwingine.

Mashirika makubwa yana dawa yao. Microsoft ilitoa kifaa kiitwacho DocRecrypt pamoja na Office 2013: msimamizi wa kompyuta huweka cheti cha kidijitali kwenye mashine zote za ofisi, na tangu hapo kila faili linalofungwa kwa nywila hubeba njia ya pili ya kufungulia, iliyo mikononi mwa shirika. Lakini hakirudi nyuma. Faili lililofungwa kabla ya cheti halifunguki nacho. Kikundi cha watu 30 hakihitaji hayo. Kinahitaji nywila iwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa mwenyekiti, au kwa watu wawili wasio wa nyumba moja, na ibadilishwe siku uongozi unapobadilika, mbele ya mkutano, kama inavyofanyika kwa waweka sahihi wa akaunti ya benki. Vikundi vingi ambavyo haviwezi kutoa shilingi benki bila sahihi tatu vimeliacha daftari la madeni yote kichwani mwa mtu mmoja, na sijui kwa nini jambo hilo halijawahi kuonekana kuwa hatari sawasawa.

Faili lililokataa njia zote lisifutwe. Mwaka 1998 biti 40 zilitosha kumzuia mtu wa kawaida, na leo zinamalizika kwa saa chache. Aliyehifadhi faili lake la wakati ule ameshalipata. Hali hiyo inamhusu pia kila mwingine aliyebaki na nakala ya faili hilo, rafiki au adui. Kwa AES yenye nywila ndefu ya ovyo, kungoja mashine bora hakuna maana, lakini nywila fupi ya mwaka 2010 kila mwaka inazidi kuwa rahisi. Unapoliweka kando faili la namna hiyo, weka pamoja nalo maelezo: nani alilifunga, mwaka gani, kwa toleo gani la Excel, nywila ilikuwa na urefu gani kwa kukisia, ilikuwa ya lugha gani, ilimalizika kwa tarakimu au kwa alama. Yaandikwe wiki hii, wakati aliyelifunga bado anapatikana kwa simu.